Fausto Coppi, aliyeanguka akainuka

Mtu akivunjika mfupa shambani au njiani, kwanza hulilia maumivu, kisha hulilia kazi yake. Hujiuliza kama atalima tena, kama atabeba tena mzigo, kama watoto wake watakula. Mashaka hayo yalimpata mtu mmoja wa Italia ambaye kazi yake yote ilikuwa katika miguu yake. Jina lake ni Fausto Coppi, mwendesha baisikeli aliyesifiwa kuliko wengi wa wakati wake. Msomaji mpendwa, sikiliza habari za maisha yake. Kwa maana alishinda, akaanguka, akainuka, akafiwa, akainuka tena, na mwisho aliuawa na ugonjwa ambao watu wa Afrika waliujua vizuri kuliko waganga wa kwao.

UTOTO WAKE

Castellania ni kijiji kidogo sana cha vilimani, upande wa kaskazini-magharibi wa Italia, katika jimbo la Piemonte. Huko Fausto alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919. Baba yake Domenico na mama yake Angiolina walikuwa wakulima wasio na mali, nao walijaliwa watoto watano. Fausto alikuwa wa nne, na Serse alikuwa kitinda mimba. Fausto alikuwa mtoto mwembamba, mwenye afya dhaifu. Aliyemtazama hakudhani kwamba mwili ule ungekuja kujulikana katika nchi nyingi.

Alipokuwa na miaka 8 hivi, aliikuta baisikeli kuukuu imetupwa katika ghala ya chini ya nyumba, imeliwa na kutu, wala haina breki. Akaipenda mno. Siku moja aliacha masomo ili aipande. Mwalimu akampa adhabu ya kuandika mara 100 kwamba imempasa kuwa shuleni wala si juu ya baisikeli. Aliandika yote, lakini mapenzi yale hayakumtoka.

Alipofika miaka 13 aliacha shule, akaenda kutumika katika duka la nyama katika mji wa Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wanunuzi nyama kwa baisikeli. Hivyo, pasipo kujua, alikuwa anajizoeza kila siku, kwa kuwa njia za huko ni za kupanda na kushuka. Alikuwa na ami yake, ofisa wa meli. Huyo, pamoja na baba yake, alimpa fedha za kujinunulia baisikeli ya kweli, naye akaanza kushindana na vijana wenzake.

Katika mji ule aliishi mtu aitwaye Biagio Cavanna, ambaye zamani alikuwa mpiganaji wa ngumi, kisha akawa kipofu. Kazi yake ilikuwa kuwachua misuli waendesha baisikeli na kuwafundisha. Macho yake hayakuona kitu, lakini vidole vyake viliujua mwili wa mtu. Aliposhika miguu ya Fausto alitambua kwamba kijana huyu si kama wengine. Akamfundisha namna ya kula, ya kulala mapema, na ya kujizoeza kwa taratibu. Tangu siku zile Fausto alimsikiliza yule kipofu kama mtoto amsikilizavyo mzee.

USHINDI NA VITA

Katika nchi ya Italia kuna shindano kubwa liitwalo Giro d'Italia, maana yake Mzunguko wa Italia. Ufaransa nayo ina lake, liitwalo Tour de France. Kila moja hudumu majuma matatu hivi. Washindani huenda mamia ya kilometa, kutwa nzima, juani na mvuani, wakipanda milima mirefu yenye theluji kileleni. Saa za kila mtu za siku zote hujumlishwa, na aliyetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

Mwaka 1940 Coppi aliingia katika Giro akiwa na miaka 20. Alichukuliwa kuwa msaidizi tu wa Gino Bartali, bingwa aliyekuwa mkubwa wa timu. Lakini siku za kwanza Bartali aliangushwa na mbwa aliyekatiza njia, akaumia, na yule kijana msaidizi akatangulia mbele. Tarehe 9 Juni 1940 Coppi alishinda. Kesho yake Italia iliingia vitani.

Vita vilimwibia miaka mizuri ya ujana wake. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1942, mjini Milano, alizunguka uwanjani saa moja kamili akaenda kilometa 45 na mita 798, mwendo ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia. Mwaka 1943 alipelekwa Tunisia kama askari, akatekwa na Waingereza, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1945. Aliporudi kwao, wengi walidhani amesahau kazi yake. Lakini mwaka 1946, katika shindano la kutoka Milano mpaka San Remo, alimwacha mtu wa pili kwa dakika 14.

Mwaka 1949 ulipita yote. Coppi alishinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, jambo ambalo mtu mwingine hakuwa amelitenda. Katika Giro ile, siku ya kutoka Cuneo kwenda Pinerolo, alivuka milima mitano, akaenda kilometa 192 peke yake, mbele ya wote. Bartali alifika wa pili karibu dakika 12 baadaye.

ANGUKO LA PRIMOLANO

Mwaka 1950 ulianza vema. Coppi alikuwa na miaka 30, alikuwa ameshinda mashindano makubwa ya Ufaransa na ya Ubelgiji, na watu waliingojea Giro kama sikukuu yake. Tarehe 2 Juni washindani waliondoka Vicenza kuelekea Bolzano. Walipofika karibu na kijiji cha Primolano, Coppi aligusana na mwenzake, akaanguka kwa kishindo. Alijaribu kuinuka, asiweze. Wakamchukua mpaka hospitali ya Trento, na waganga walipompiga picha ya mifupa waliona kwamba mfupa wa nyonga umevunjika mahali patatu.

Yafaa kufahamu uzito wa jambo hili. Mifupa ya nyonga ni kama boriti ya nyumba: juu yake unasimama uti wa mgongo, na chini yake miguu yote miwili imeshikamana nayo. Anayevunjika mkono aweza kutembea. Anayevunjika nyonga hawezi kusimama, wala kuketi, wala kugeuka kitandani pasipo msaada. Na mwendesha baisikeli huketi juu ya mifupa hiyo, na nguvu za mapaja yake hutoka humo.

Katika miaka ile tiba kubwa ya mvunjiko wa namna hii ilikuwa kulala. Mganga huulaza mwili vizuri, mfupa ukae mahali pake. Lakini kuunga, mwili wenyewe ndio uungao. Damu iliyotoka mahali pa kuvunjika hugandamana. Baadaye mahali pale huota kitu laini kama gegedu. Na kitu hicho hugeuka polepole kuwa mfupa mgumu. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, wala hakuna fedha wala sifa iwezayo kuiharakisha. Mgonjwa akiinuka kabla ya wakati, kile kilicho laini hukatika au hupinda, na kilema hubaki maisha yake yote.

Basi mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wote alilazimika kulala chali. Nje, Giro iliendelea bila yeye, ikashindwa na Hugo Koblet, kijana wa Uswisi, mgeni wa kwanza kuishinda tangu ilipoanzishwa. Wakati wa Tour de France ulifika, ukapita, naye hakuwamo. Haya ndiyo majaribu ya mgonjwa: si maumivu peke yake, bali kusikia kwamba kazi yake yaendelea mikononi mwa wengine.

Nao mwili uliolala una hasara nyingine. Misuli isiyotumika hukonda upesi, na pumzi hupungua. Kwa hiyo mfupa ulipoungana, kazi haikuwa imekwisha, bali ilikuwa imeanza. Ilimpasa Coppi kujifunza kusimama, kisha kutembea, kisha kupanda baisikeli kwa mwendo mfupi, kisha kwa mwendo mrefu zaidi. Bingwa wa dunia ya baisikeli alianza tena kama yule mtoto wa Castellania mwenye baisikeli ya kutu. Hakuona haya kuanza chini.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule alisimama tena pamoja na washindani wengine, katika shindano la jimbo la Lombardia. Hakushinda, alikuwa wa tatu. Lakini mtu ambaye miezi minne na nusu nyuma alikuwa hawezi kugeuka kitandani, sasa aliwatangulia karibu wote waliokuwa wazima.

KIFO CHA SERSE

Tusidhani kwamba tangu siku ile njia yake ilinyoka. Mwezi wa Machi 1951 alianguka tena, akavunjika mtulinga. Akapona, akaingia katika Giro, akawa wa nne. Nguvu zilikuwa zinarudi, lakini polepole. Ndipo likaja pigo ambalo hakuna mganga awezaye kulifunga bandeji.

Ndugu yake mdogo, Serse, naye alikuwa mwendesha baisikeli. Hakuwa na nguvu kama Fausto, lakini alikuwa mchangamfu, mwenye maneno ya kuchekesha, naye alikuwa kitulizo cha kaka yake aliyekuwa mtu wa kimya na wa mashaka mengi. Walisafiri pamoja, wakala pamoja. Tarehe 29 Juni 1951 wote wawili walikuwa katika shindano la Piemonte. Walipokaribia mwisho, katika mji wa Torino, gurudumu la Serse lilinaswa na reli za gari la umeme zilizopita barabarani, akaanguka akagonga kichwa. Akainuka mwenyewe, akapanda baisikeli, akafika mwisho, akaenda hotelini. Kila mtu alidhani ni jambo dogo. Baadaye kichwa kikaanza kumwuma sana, akazimia, akapelekwa hospitali, na siku ile ile akafa. Damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu pasipo jeraha kubwa kuonekana nje.

Msomaji aliangalie jambo hili. Kaka mtu alivunjika nyonga vibaya, watu wote wakaona, akalazwa upesi, akapona. Mdogo mtu aliinuka akatembea kama mzima, kumbe mauti yalikuwa kichwani mwake. Aliyegongwa kichwa, hata akisema kwamba hana neno, asiachwe peke yake. Na kichwa kikizidi kumwuma, au akitapika, au akishikwa na usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali saa ile ile.

Siku tano tu baada ya msiba ule Tour de France ilikuwa inaanza. Coppi alitaka kuacha kabisa kazi ya baisikeli. Mwisho alikubali kwenda, lakini moyo ulibaki kaburini. Siku moja ya jua kali, katika njia ya kwenda Montpellier, nguvu zilimwishia kabisa. Alitapika, akayumba, akaachwa nyuma zaidi ya nusu saa. Kwa sheria za mashindano, anayechelewa kupita kiasi hutolewa. Wenzake wa timu hawakumkimbia. Walibaki naye nyuma, wakamsindikiza hatua kwa hatua, hata wakafika ndani ya muda. Baada ya siku chache, katika milima ya Alpi, yule aliyekuwa karibu kutolewa alishinda siku ya kufika Briançon. Mwisho wa Tour alikuwa wa kumi. Wachache hukumbuka nafasi ya kumi ya bingwa. Lakini pengine hakuna ushindi wake uliomgharimu kama huo.

KUINUKA KWELI

Mwaka 1952 mfupa ulikuwa imara, na huzuni ilikuwa imepoa. Coppi alishinda Giro. Akaenda Ufaransa, na kwenye mlima wa Alpe d'Huez, ambao Tour ilikuwa inaupanda mara ya kwanza, akawaacha wote. Aliwazidi mno, hata wenye shindano wakaongeza zawadi za watu waliomfuata, ili waendelee kushindana kwa bidii. Mjini Paris alimzidi mtu wa pili kwa dakika 28. Kwa mara ya pili alishinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, miaka miwili tu baada ya Primolano.

Katika Tour ile ilipigwa picha iliyojulikana sana. Coppi na Bartali wanapanda mlima, na chupa ya maji inapita kutoka mkono wa mmoja kwenda mkono wa mwingine. Wawili hawa walishindana miaka mingi, na Italia yote iligawanyika kwa ajili yao. Watu walibishana siku nyingi ni nani aliyempa mwenziwe maji. Lakini Bartali naye alikuwa amefiwa na mdogo wake, Giulio, aliyekufa mwaka 1936 baada ya kuanguka katika shindano la baisikeli. Kwa hiyo katika njia ile walipanda watu wawili wenye kidonda kimoja, na maji yalipita kati yao.

Mwaka 1953 Coppi alishinda Giro mara ya tano, akiwa ameanza mbele mlimani Stelvio siku ya karibu na mwisho na kumshinda yule Koblet. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo, mjini Lugano katika Uswisi, akawa bingwa wa dunia.

Si kila jambo la maisha yake ni la kufuatwa. Baada ya ushindi ule alimwacha mke wake aliyemzalia binti, akaishi na mwanamke aliyekuwa na mume. Kwa sheria ya Italia ya wakati ule jambo hilo lilikuwa kosa la kuhukumiwa, na mwaka 1955 wote wawili walihukumiwa barazani. Nyumba mbili ziliumia, na watoto pamoja nazo. Mtu aweza kuwa na subira kubwa juu ya mfupa wake, akakosa subira katika nyumba yake.

HOMA ISIYOTAMBULIWA

Mwezi wa Desemba 1959 Coppi, mwenye miaka 40, alialikwa pamoja na waendesha baisikeli wa Ufaransa kwenda katika nchi iliyoitwa Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso. Walishindana mjini Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani, na mbu walikuwa wengi.

Walirudi Ulaya kila mtu kwao. Baada ya siku chache wote wawili walishikwa na homa kali. Huko Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa, ikaonekana kuwa ana malaria ya aina mbaya; akapewa kinini, na ijapokuwa alikuwa amekwisha kupoteza fahamu, alipona. Huko Italia waganga wa Coppi walidhani ni ugonjwa mwingine, wakampa dawa zisizoweza kuua malaria. Tarehe 2 Januari 1960, asubuhi, alikufa katika hospitali ya Tortona.

Walioumwa ni wawili, mbu ni wale wale, homa ni moja. Mmoja alipimwa damu akaishi, mwingine hakutambuliwa akafa. Mwili uliostahimili kuvunjika nyonga, na vita, na kifungo, na milima ya theluji, ulishindwa na mdudu asiyeonekana kwa macho, kwa sababu hakuna aliyemtaja kwa jina lake kwa wakati.

Watu maelfu walipanda kilima cha Castellania kumzika. Leo yeye na Serse wamelala pamoja huko kwao, na tangu mwaka 2019 kijiji chenyewe huitwa Castellania Coppi.

Basi, ndugu msomaji, nawe uliye na mgonjwa nyumbani, shika mambo haya. Aliyevunjika mfupa apelekwe kwa mganga, alale mpaka ameambiwa kuinuka, na asione haya kuanza tena kwa hatua ndogo. Aliyegongwa kichwa alindwe, hata akijiona mzima. Aliyefiwa asiachwe nyuma peke yake. Wenzake wapunguze mwendo, waende naye. Na mwenye homa, zaidi mtoto mdogo, asingojee kesho: apimwe damu leo, apewe dawa, amalize dawa yote. Malaria iliyomwua Fausto Coppi ingali inaua watoto wengi wa Afrika kila mwaka, na mara nyingi dawa yake ipo karibu.